Flashi, Diski au Memori Kadi? Mwongozo wa Kununua kwa Anayeanza, Hapa Tanga

Katika maduka ya vifaa vya kompyuta ya hapa Tanga, mauzo mengi huanza kwa neno moja lenye maana mbili. Mama wa makamo anaingia, anaitikia shikamoo ya kijana wa kaunta, kisha anasema, "Mwanangu, nataka memori." Kijana aliyezoea kazi hujibu kwa swali: "Ya kuwekea vitu, mama, au ya kuongeza mwendo?" Asiyeulizwa swali hilo huenda akarudi nyumbani na kifaa kizima, halisi, kilicholipiwa kwa haki, ambacho hakina kazi yoyote kwake.

Memori ya kuongeza mwendo ni RAM, ambamo kompyuta hushikilia kazi inayoendelea kwa wakati huo. Anayechapa barua kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, umeme ukakatika kabla hajaihifadhi, barua yake ilikuwa ndani ya RAM na imekwenda na umeme. Memori ya kuwekea vitu ni diski, flashi na kadi, ambazo hubaki na yaliyomo hata zikikaa kabatini bila umeme. Mwongozo huu unahusu zaidi hizi za pili, na RAM nitaigusa mwishoni.

Kabla sijavipanga vifaa hivi kuanzia kinachofaa zaidi hadi cha mwisho, mnunuzi apime mzigo wake. Barua, mitihani ya shule na hesabu za duka hazijazi hata flashi ndogo baada ya miaka mingi; kinachojaza ni video. Simu nyingi zinaporekodi kwa ubora wa kawaida wa 1080p hutumia takriban MB 100 hadi 150 kwa dakika, kwa hiyo saa moja ya harusi ni kati ya GB 6 na 9. Asishtuke pia akichomeka diski ya TB 1, yaani GB 1,000, na kuona imeandikwa GB 931, au flashi ya GB 64 ikaonyesha GB 59 na ushei. Hajaibiwa. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, na tofauti hiyo ndiyo inayoonekana kama upungufu.

Nafasi ya kwanza, kwa familia au ofisi ndogo inayotaka kutunza picha na nyaraka mahali pamoja, naipa diski ngumu ya nje ya TB 1. Gawanya bei kwa idadi ya GB na utaona kuwa SSD, flashi na kadi kwa kawaida hazikupi nafasi kubwa hivyo kwa shilingi ileile. Ndani yake mna sahani ambazo katika diski nyingi za aina hii huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu ya sahani kwa umbali ulio mdogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Teknolojia hii ni kongwe. Diski ya kwanza ya kibiashara, ya kampuni ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na ilibeba takriban MB 5, yaani isingetosha wimbo mmoja wa taarabu wa dakika kumi kama tunavyouhifadhi leo.

Udhaifu wake unatokana na umbo hilohilo. Diski inayozunguka ikianguka kutoka mezani, kichwa hugonga sahani, na hapo ndipo husikika ule mlio wa tik, tik, tik. Ukiusikia, chomoa mara moja, kwa maana kila sekunde unayoiacha iendelee inaweza kuzidi kukikwangua kile unachotaka kukiokoa. Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari kuna jambo la pili: hewa yenye chumvi na unyevu huotesha kutu kwenye ncha za chuma za waya na tundu. Diski isiyo kazini naiweka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo watu wengi hutupa bila kujua kuwa kazi yake ni kunyonya unyevu.

Na ikiwa fungu lako linafika diski moja ya TB 2, nakushauri ununue mbili za TB 1, ingawa utalipa zaidi kidogo. Nakili vitu vilevile katika zote mbili, moja ibaki nyumbani Chumbageni au Makorora, nyingine ikae kwa ndugu Muheza au Pongwe. Mwizi, moto au bomba la maji lililopasuka havitazifikia zote mbili siku moja. Akaunti ya Google nayo hutoa GB 15 bila malipo, nafasi inayotosha vyeti, mikataba na picha chache za thamani, lakini anayetaka kupandisha video za harusi huko kwa bando la simu atajua mwenyewe hesabu yake.

SSD ya nje, yaani diski inayohifadhi vitu kwenye chipu badala ya sahani, inashika nafasi ya pili, na kilichoiangusha ni bei. Haina sehemu inayozunguka, hivyo mtetemo wa bodaboda au daladala ya Pangani hauisumbui. Kwa kasi haina mshindani hapa: video za GB 30, ambazo flashi ya kawaida inayoandika MB 10 kwa sekunde itazipokea kwa dakika 50, SSD inayoandika MB 400 huzimaliza kwa dakika moja na robo, mradi tundu la kompyuta nalo liwe la USB 3, lenye kasi kuliko USB ya zamani. Mpiga picha za harusi anayehama ukumbi hadi ukumbi aipandishe nafasi ya kwanza bila kusita. Asiyeitumia kila siku akumbuke mambo mawili. Data ndani yake ni chaji ya umeme iliyofungiwa katika chembe ndogo, na chaji hiyo huweza kuvuja taratibu kifaa kikikaa miaka bila kuchomekwa; basi kichomekwe walau mara moja kwa mwaka. Tena, SSD huweza kufa bila dalili, na fundi wa kuokoa data hupata taabu kubwa zaidi kwake kuliko kwa diski ngumu.

Flashi naiweka ya tatu, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndicho kifaa kinachonunuliwa zaidi na ndicho kinachodanganya zaidi. Flashi ni chombo cha kusafirishia faili, si cha kutunzia. Ya GB 32 au 64 inamtosha mwanafunzi, mwalimu na karani, na mwenye uwezo achague yenye USB 3, ingawa alama ya buluu ndani ya tundu peke yake haithibitishi kitu.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kwenye meza ya kando ya barabara flashi iliyoandikwa GB 512 kwa bei ambayo, nikiwa mkweli, ilipaswa kunifungua macho. Nilinakili humo video zote za harusi ya binti wa dada yangu, kompyuta ikaniambia kazi imekamilika, nikafuta za kwenye simu. Jioni ile nikampelekea dada. Video ya kutoka nyumbani ikafunguka, ya kuingia ukumbini ikafunguka, na tangu pale kila faili lilikuwa na jina lake na ukubwa wake, lakini likibofywa linasema limeharibika. Dada aliniuliza, "Kwa hiyo, kaka, keki haikukatwa?" Sikuwa na jibu. Niliporudi barabarani siku ya tatu, meza haikuwepo.

Flashi ya namna ile huwa na chipu ndogo, pengine ya GB 16 au 32, lakini kidhibiti chake, yaani sehemu inayowasiliana na kompyuta, kimechezewa ili kiitangazie kompyuta ukubwa wa uongo. Nafasi halisi ikijaa, yanayofuata huandikwa juu ya ya zamani au hutupwa kabisa, huku kidhibiti kikijibu kuwa yamepokewa. Majina ya mafaili huonekana kwa sababu orodha yake huandikwa mwanzoni, penye chipu ya kweli. Kwa hiyo kunakili wimbo mmoja dukani na kuusikiliza hakuthibitishi lolote. Kipimo cha kweli ni kuijaza flashi yote na kuisoma tena. Programu ya bure iitwayo H2testw hufanya hivyo kwenye Windows, na F3 hufanya hivyo kwenye Linux na Mac. Flashi ya GB 64 yenye kasi ndogo huweza kuchukua zaidi ya saa mbili, na hakuna muuzaji atakayekuachia kaunta kwa muda huo. Basi kubaliana naye kabla ya kulipa kuwa utaipima nyumbani na kuirudisha kesho ikionyesha kasoro, uchukue risiti, na ununue katika duka lenye mlango, utakaloliona tena kesho. Flashi za TB 1 na 2 za kweli zipo, lakini ni ghali. Ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana iache mezani ilipo.

Lipo pia tatizo ambalo wengi hulidhania kuwa ni ubovu. Flashi ina GB 50 tupu, lakini inakataa video moja ya GB 6 kwa madai kuwa faili ni kubwa mno. Imefomatiwa, yaani imepangiwa namna ya kutunza mafaili, kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Ifomati upya kwa exFAT, ukijua kuwa kufomati hufuta kila kilichomo, na tatizo litakwisha.

Memori kadi ni ya nne. Ni ya simu, kamera na redio. Kuifanya ghala la kumbukumbu za familia ni kuutafuta msiba, maana kitu cha ukubwa wa ukucha hupotea hata ndani ya mfuko wa shati. Kwa kamera ya video tafuta alama ya U3 au V30, ambazo zote huahidi kuandika si chini ya MB 30 kwa sekunde. Kwa picha na muziki, alama ya 10 ndani ya duara inatosha. Wazee wetu wanaotaka taarabu za Black Star na Lucky Star zipigwe na redio ya mezani wasiuziwe kadi ya GB 128. Redio nyingi za aina hiyo hazisomi zaidi ya GB 32, na wimbo wa dakika kumi katika mfumo wa MP3 wa kawaida ni takriban MB 10, hivyo kadi ya GB 8 peke yake inabeba nyimbo kama 800. Sijaona barazani mtu aliyezimaliza.

Kadi hizi zina faida moja ambayo flashi nyingi hazina. Ile kava kubwa ya kuingizia kadi ndogo ina swichi pembeni. Ukiisukuma upande wa kufunga, visomaji vingi hukataa kuandika chochote ndani ya kadi. Anayekwenda steshenari kuchapisha kazi, mahali ambapo kompyuta moja imechomekwa flashi za mtaa mzima na folda hugeuka shotikati mbele ya macho kwa sababu ya virusi, anaweza kwenda na kadi iliyofungwa hivyo na kurudi nayo safi.

DVD ni ya mwisho. Hubeba GB 4.7, na kompyuta mpakato mpya nyingi hazina pa kuiingizia.

Nje ya mpangilio huu kuna ununuzi ambao, kwa mwenye kompyuta mpakato kuukuu inayochukua dakika tano kuwaka, unazidi vyote nilivyotaja: kutoa diski ngumu ya ndani na kuweka SSD ya GB 240 au 256 mahali pake. Usinunue kwa kubahatisha. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati kompyuta inasuasua, utazame safu mbili, ya diski (Disk) na ya kumbukumbu (Memory). Safu ya diski ikikaa kwenye asilimia 100 huku ya kumbukumbu iko nusu, dawa ni SSD. Ya kumbukumbu ikiwa ndiyo iliyojaa, dawa ni RAM. Windows 11 inataka RAM ya GB 4 kwa uchache, kiwango ambacho kwa maoni yangu ni cha kuwaka tu. Anayefungua kurasa nyingi za intaneti aongeze hadi 8. RAM za DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, kwa kuwa pengo la kila aina limekatwa mahali tofauti, na ya mpakato ni fupi kuliko ya mezani. Basi nenda dukani na kipande cha zamani mkononi. Baadhi ya mpakato RAM yake imelehemiwa ubaoni na haibadilishwi, jambo ambalo fundi aliangalie kabla hujatoa pesa.

Fundi akimaliza kuweka SSD, usiondoke bila diski ya zamani. Ni mali yako, ina mafaili yako yote, na ikiwa bado ni nzima, kasha dogo lenye waya wa USB litaifanya diski ya nje ya kuanzia kwa gharama ndogo sana.