DVD rekoda ya mtumba ya elfu tisini, nimeitumia miezi miwili hapa Tanga

Niseme mapema kabla sijasahau, DVD rekoda ya mtumba isiyo na rimoti yake usinunue, hata wakupe kwa elfu arobaini usinunue. Naanza na hilo kwasababu ndo lililonitoa jasho wiki mbili nzima, na muuzaji alinikazia macho akanambia "rimoti ya nini kaka, vitufe vyote si unaviona hapo mbele". Nikaviona kweli, nikalipa elfu tisini, nikapakia kwenye bajaji kutoka Ngamiani mpaka nyumbani Chumbageni roho kwatu.

Kilichonipeleka huko ni kaseti za bi mkubwa. Ana sanduku chini ya kitanda lina kaseti za video kumi na moja, zile kubwa za VHS, harusi ya dada yangu ya 1996, maulidi mawili matatu, ngoma za kibao kata za mashoga zake, mpaka siku mdogo wangu anatolewa nje. Na hewa yetu hii ya bahari mnaijua, ukifungua kile kifuniko cha kaseti unaona ukungu mweupe umekaa pembeni ya mkanda kama unga wa muhogo. Nikaulizia mtu wa kuzihamishia kwenye DVD, akataka elfu kumi na tano kwa kila kaseti na nimwachie mzigo wote wiki moja. Mama akanitazama tu. Kwenye hizo kaseti kina mama wako ndani kwa ndani, hawana mabaibui, wanacheza wanavyotaka, iende ikakae kwa mwanaume nani sijui? Haitoki hata moja nyumbani humu, akasema, na nikamwelewa. Ndo nikaona bora ninunue mashine kazi ifanyikie sebuleni.

Mashine yenyewe ni ya Uingereza, ina plagi yetu ya pini tatu na nyuma imeandikwa 220-240V na PAL, yaani mfumo wa picha wa tivii zetu. Hapa pana mtego, mitumba mingine inatoka Japani, geuza usome nyuma, ukikuta 100V na NTSC, mfumo wa picha wa kwao, iache hapohapo maana ukiichomeka kwenye umeme wetu bila transfoma utasikia pah na harufu, basi. Hii yangu ina feni ndogo nyuma inanguruma kiasi, ukifunika na kitambaa cha kufuma kama kina mama wanavyopenda kufunika kila kitu itachemka, mimi kitambaa nimekitoa na tumegombana kidogo kwa hilo.

Kuunganisha ni rahisi sana, zile waya tatu za njano nyeupe nyekundu zinatoka kwenye deki ya kaseti zinaingia mbele ya rekoda, si nyuma, nyuma tundu za rangi ni za kutolea picha kwenda kwenye tivii, kuingiza kwa nyuma lazima uwe na ule waya mpana wa skati ambao mimi sina. Ukibonyeza kitufe cha chaneli kinapita mpaka kwenye ingizo la mbele, unaweka CD tupu (nikisema CD humu ni DVD tupu, si CD za muziki), unabonyeza rekodi, unapleya kaseti. Yaani mtoto wa darasa la tatu anaweza.

Kurekodi tivii sahau. Muuzaji aliniambia nitarekodi mechi za mpira za Coastal Union, lakini ile antena iliyo ndani yake ni ya analojia na Tanga analojia ilizimwa 2013, haishiki kitu zaidi ya chenga. Ukitaka kurekodi lazima upitishe waya kutoka kwenye king'amuzi na king'amuzi ukiache kwenye chaneli hiyohiyo mpaka mwisho, asiguse mtu. Kwenye nyumba ya watu saba hilo halipo.

Sasa rimoti. Nimerekodi kaseti ya kwanza, safi, inapleya vizuri kwenye rekoda yenyewe, nikaitoa nikampelekea dada kwake Makorora aweke kwenye deki yake ya DVD, ikasoma weee ikaandika hakuna diski. Nikadhani CD mbovu, nikarekodi nyingine mbili, hivohivo. Kumbe CD ya kurekodi mara moja, ile +R au -R, ukimaliza lazima uifunge, wenyewe wanaita kufinalaizi, ndo deki nyingine ziikubali. Na hiyo amri iko ndani ya menyu, na menyu inafunguliwa kwa rimoti tu, mbele pale hakuna kitufe chake. Nimenunua rimoti mbili za kila kitu, zinaongeza sauti, zinawasha na kuzima, menyu hazifungui. Aliyeniokoa ni mjomba, simu yake ya Xiaomi ina kile kitaa cha rimoti juu, tukatafuta modeli kwenye programu yake, ya tatu ikakubali, menyu hiyoo. Kufunga CD moja inachukua dakika tatu nne hivi. CD za +RW zile za kufuta na kurudia hazihitaji kufungwa, ila bei iko juu na deki nyingine za zamani hazizipendi, mimi ninayo moja tu ya majaribio.

Na angalia alama ya jumlisha na kutoa kwenye boksi la CD, sio pambo. Yangu inakubali za jumlisha tu, nilinunua ishirini za kutoa zikaitema zote.

Ubora wa picha: kuna hatua nne, saa moja, saa mbili, saa nne, saa sita, zote kwenye CD ileile ya GB 4.7, kadri unavyotaka ndefu ndo inavyokamua picha. Kaseti za harusi nyingi ni za saa tatu, kwahiyo ya saa mbili haitoshi, nikatumia ya saa nne na sijutii, mkanda wenyewe wa VHS una mistari kama 240 tu ya ukali kwa upana, huwezi kuchota maji mengi kwenye kisima kifupi. Ya saa sita ndo usiiguse, mama alipoona wenzake wanazungusha viuno kwenye kibao kata vimekuwa vigae vigae vya rangi akauliza hawa wamefanywa nini.

Lililonisumbua jingine ni kusimama yenyewe. Kaseti zenye ukungu picha inayumba, na rekoda ikiona mawimbi yameharibika hivo inadhani umeweka filamu ya dukani yenye kinga ya kutonakiliwa, inaandika huruhusiwi halafu inaacha kurekodi. Na mimi sipo! Maana utaratibu wa mama ni nibonyeze halafu nitoke nje, si vya kutazama mimi. Nimekaa barazani saa tatu nzima nakunywa kahawa, kuingia nakuta imerekodi dakika kumi na saba. Dawa niliyopata ni kukimbiza mkanda mbele mpaka mwisho na kurudisha mara mbili kabla ya kuanza, na kusafisha kichwa cha deki kwa spiriti kila baada ya kaseti moja, zenye ukungu mwingi usiweke kabisa mpaka fundi azifungue azisafishe, la sivyo ukungu unahamia kwenye deki na kutoka hapo unaambukiza hata kaseti zisizo na ukungu.

Umeme ukikatika katikati, ile CD imekwenda. Angalau kwangu imetokea mara mbili na zote hazikusomeka tena. Nikaazima ile betri na inveta ya jirani, mambo yakatulia.

Kuna vidude vya USB vya kuhamishia kaseti kwenye kompyuta, ni rahisi kuliko hii na faili unaliweka kwenye flash moja kwa moja, kama una laptop nzima na uvumilivu chukua hicho. Mimi laptop sina, na kubwa zaidi mama hawezi kompyuta, ila hii ameiweza. Wiki ya tatu akasema nisihangaike, akajifunza vitufe vitatu, anaweka anatoa mwenyewe anaandika na maka peni juu ya CD kwa mwandiko wake ule wa kulala. Kilichobaki kwangu ni kufunga tu, kwasababu simu ni ya mjomba na mjomba haingii.

Tisa zimekamilika, mbili ziko kwa fundi wa kike mama aliyemtafuta mwenyewe Mabawa. Ila jana nimerudi nikakuta mifuko miwili ya rambo pembeni ya tivii, nikadhani vitunguu, kumbe mashoga zake wameshaleta za kwao.