Ramani ilisema "haina mtegemezi", mishahara ikakwama

Nyota mbili. Nilikaa nikitaka kutoa moja, na hata sasa sijaridhika na hii ya pili.

Kazi ya programu hii ni kuchora ramani ya utegemezi: shughuli gani ya ofisi inategemea mfumo upi, mfumo unachota data kwenye hifadhidata ipi, na hifadhidata imekaa kwenye seva ipi. Ukitaka kubadilisha au kuzima kitu, unakibofya na kuona nani ataumia. Siku walipokuja kutuonyesha ilivutia kweli.

Kulikuwa na seva moja kuukuu tuliyotaka kuiondoa. Tukaibofya. Duara la kijani, na maandishi chini yake: "Haina mtegemezi." Kamati ya mabadiliko ikapitisha ombi bila swali hata moja, maana nani abishane na kijani? Tukaizima. Siku zikapita, kimya. Mwisho wa mwezi mhasibu wa mishahara akapiga simu: benki haijapokea faili. Kumbe mle ndani kulikuwa na kazi ya kroni, yaani programu ndogo inayojiendesha yenyewe kwa ratiba, inayoamka mara moja kwa mwezi, inachukua faili la mishahara kwenye folda ya pamoja na kulituma benki kwa SFTP (njia salama ya kutuma mafaili), kisha inalala tena. Ramani ilichorwa katikati ya mwezi kwa kusikiliza miunganisho iliyokuwa hai wakati huo. Ingeisikia wapi?

Hayo ningeweza kuyameza. Kilichonichoma ni kijana wa huduma kwa wateja. "Kaka, mfumo unaonyesha unachokiona. Hiyo kazi mngeisajili wenyewe kwa mkono." Kwa mkono! Sasa tumelipia nini? Nikamuuliza ni wapi palipoandikwa kwamba kijani maana yake "sikuona kitu" na wala siyo "hakuna kitu". Kimya. Halafu akaniuliza kama ningependa tiketi, yaani rekodi ya malalamiko yangu, ifungwe. Watu hawajalipwa, yeye anataka kufunga tiketi.

Haya, nyota ya pili. Baadaye tulitaka kuhamisha hifadhidata moja inayotumia programu ya PostgreSQL, na wenye hifadhidata hiyo wakaapa kwamba inatumiwa na mfumo wa mauzo tu. Ramani ikatoa mstari mwembamba kwenye poti 5432, mlango wa kawaida wa PostgreSQL, ukitokea seva ya ghala. Kufuatilia, tukakuta kuna mtu aliandika anwani ya IP (namba ya seva kwenye mtandao) moja kwa moja ndani ya ripoti ya kila saa, wala hakumwambia yeyote. Tungehamisha vile vile, ghala lingebaki bila ripoti, na sisi tungebaki tukitafuta mchawi. Siku hiyo niliipenda programu hii, siwezi kusema uongo.

Ila upande wa shughuli bado ni mtupu. Inajua seva gani inaongea na seva gani. Kwamba mazungumzo hayo ni mishahara, haijui mpaka mhasibu mwenyewe akae na wewe ajaze. Ukiinunua, iache isikilize mwezi mzima, mwisho wa mwezi ukiwemo, na usiamini kijani kabla ya kufunga hesabu za mwaka.

Nimewaandikia wabadilishe rangi: seva ambayo hawajaisikia iwe kijivu. Ni badiliko dogo mno. Wakinijibu tena kwamba nisajili kwa mkono, mkataba ukiisha tunahama.