Hifadhidata inayomruhusu mtaalamu kusema "haijulikani"

Kwa muda wa miezi mitatu nimekuwa nikiitumia Database of Religious History, hifadhidata ya historia ya dini iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, nchini Kanada, chini ya uongozi wa Edward Slingerland. Nimeisoma hapa Kampala bila kulipa hata shilingi moja, nikitafuta mifano ya kufundishia sayansi ya utambuzi ya dini, yaani taaluma inayochunguza namna akili ya binadamu inavyozipokea na kuzirithisha imani.

Mtaalamu wa dini fulani hujaza dodoso refu, huonyesha kwenye ramani eneo analolizungumzia, hutaja miaka, kisha hujibu swali baada ya swali. Anaweza kujibu ndiyo au la. Anaweza pia kukiri kwamba yeye hajui, au kwamba taaluma nzima haijui. Jina lake hubaki pale, hivyo anayepinga anajua anampinga nani, na wataalamu wakitofautiana, majibu ya kila mmoja huhifadhiwa.

Thamani ya kukiri huko niliielewa jioni moja, mimi na mwenzangu anayefundisha historia tulipojaribu kulijibu dodoso hilo kwa ajili ya dini ya asili ya Buganda. Kuhusu balubaale (mmoja wao ni lubaale), yaani wenye nguvu za kiroho wanaoombwa katika dini hiyo, hatukusita sana tulipokwisha kukubaliana tuwaiteje: Mukasa wa ziwa na visiwa vya Ssese, Kibuuka wa vita, makuhani wao na mahekalu yao, yote yanafahamika. Tulipofika kwenye swali la mungu mkuu, mwenzangu akasema, "Ndiyo, Katonda." Nikamuuliza, "Katonda yupi, ssebo, wa kabla ya wamisionari au wa baada yao?" Akaiweka kalamu chini. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika mwaka 1877, Wakatoliki wakafuata mwaka 1879, nao wakalitumia jina hilohilo kumwitia Mungu wa Biblia. Maandishi marefu tunayoyategemea yaliandikwa baada ya hapo. Tukajibu kwamba taaluma haijui, tena kwa roho safi.

Asiyeuona uzito wa jambo hili na aikumbuke makala iliyochapishwa na jarida la Nature mwaka 2019, ambayo kwa kutumia hifadhidata nyingine, Seshat, ililinganisha jamii 414 na kuhitimisha kwamba miungu wenye kuadhibu maovu walitokea baada ya jamii kupanuka. Wakosoaji, Slingerland akiwamo, walionyesha kwamba pale habari zilipokosekana, ukosefu huo ulihesabiwa kana kwamba miungu hao hawakuwapo, na mwaka 2021 makala ikaondolewa. Jamii ambazo hazikuwa na maandishi, kama zilivyokuwa nyingi za kwetu, ndizo zinazopunjwa na hesabu ya namna hiyo.

Kasoro ninayoiona ni ya dodoso lenyewe. Maswali tuliyoyasoma ni ya Kiingereza, na kabla ya kujibu chochote tulibishana karibu saa nzima kama lubaale aitwe mungu, mzimu au pepo, ilhali masimulizi yanasema Mukasa na Kibuuka waliwahi kuishi kama watu. Neno ulichagualo hapo hubadilisha majibu yote yanayofuata. Kwa hiyo mwanafunzi anayeitumia asinukuu "ndiyo" au "la" kabla ya kuyasoma maelezo ambayo mtaalamu ameyaambatanisha na jibu. Mara nyingi ubishi wenyewe umo humo.