Kurusha mshale: juu ya mti au chini?

Wawindaji wengi wa Marekani wanaomlenga kulungu mwenye mkia mweupe hupanda mita 5 au 6 mtini. Kwetu Tabora, kuwinda bila kibali ni kosa, kwa hiyo zoezi lenyewe ni gunia la matambara lililoshindiliwa, na mwembe haukosekani.

Ukiwa juu, mshale hupita juu ya shabaha. Watu hupima umbali kwa jicho, ilhali kinachohesabika ni umbali wa ardhini: ukiwa mita 6 juu na gunia liko mita 15 kutoka shinani, jicho linaona 16 na ushee, lakini lenga kama 15. Tofauti hiyo ni ndogo. Kinachoharibu kweli ni kushusha mkono wa upinde badala ya kuinama. Vuta uzi ukiwa umenyooka, kidole kiguse pembe ya mdomo, ndipo ukunje kiuno. Mkanda wa usalama ufungwe kabla ya yote, tafadhali sana.

Chini ndiko aanzie mgeni wa upinde. Huko adui ni nyasi: mshale ukigusa hata kijiti chembamba, umepotea. Ukipiga goti, ncha ya chini ya upinde isiguse udongo.

Popote ulipo, kulungu akisikia uzi hunywea chini ili aruke. Mshale wa mita 80 kwa sekunde hufika mita 20 kwa robo sekunde. Mita 40 ni nusu sekunde, na mgongo umeshashuka.