Mshauri nasaha wa Iringa ninayemfuata kutoka Mbeya

Sitaandika jina la huyu mama wala mtaa wake, na msomaji atanielewa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotufanya wahalifu sisi wanaume tunaolala na wanaume, bado kipo, na adhabu yake ni kifungo cha maisha, isipungue miaka 30. Lakini huduma nzuri isiposemwa, wenzangu watazidi kuumia wakidhani hakuna pa kwenda. Basi nasema yanayosemeka.

Mimi nauza mchele Mwanjelwa. Nina miaka 36, napenda wanaume, na nimelijua hilo tangu shule ya msingi. Mbeya nafahamika mno, ndiyo maana nilitafuta mtu wa Iringa. Nilielekezwa na mwelimisha rika wa mambo ya VVU. Tangu mwaka 2017, serikali ilipozuia huduma katika vituo 40 vilivyokuwa vinatupokea, njia zetu ni za kuelekezana hivyo.

Nilishapita kwingine kabla. Kuna kanisa niliombewa nikiwa nimefunga hadi miguu inatetemeka, nikaambiwa pepo limegoma kutoka kwa sababu nalificha. Kuna zahanati muuguzi aliwaita wenzake waje kunitazama, nikaondoka bila dawa niliyoifuata.

Huyu mama alianza na daftari. Alinifungulia ukurasa wangu nikaona: herufi moja badala ya jina, tarehe, basi. Akaniambia ufunguo wa kabati anao nani, na jambo gani lingemlazimu kumhusisha mtu mwingine, yaani kama ningetaka kujidhuru. Yote hayo kabla sijatamka lolote. Viti vyake havitazamani. Vimekaa kimshazari kuelekea dirishani, mnaongea huku wote mnatazama nje. Kwa mtu aliyezoea kuinamisha uso, pale unapumua.

Nilimwambia nimekuja kutibiwa. Akanijibu, "Mwanangu, ugonjwa huo haupo." Akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani liliutoa kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Nikapiga hesabu. Maisha yangu yote nimejiita mgonjwa wa ugonjwa uliofutwa nikiwa bado mgongoni kwa mama!

Kazi iliyonigeuza ni ya karatasi na kalamu. Upande mmoja niandike kila neno ninalojiambia ninapojichukia. Upande wa pili, nani alikuwa wa kwanza kulisema. "Wewe ni aibu ya ukoo": baba mdogo, msibani Tukuyu, watu wanakula. "Tembea kama mwanaume": mwalimu wa darasa la sita, mbele ya shule nzima paredi ya asubuhi. "Mungu hakutaki": mhubiri wa stendi, ambaye hata hanijui. Karatasi ilijaa pande zote mbili, na sikuona hata neno moja lililoanzia kwangu. Nililia kwa sauti. Mama wa watu hakunikimbilia na leso wala na Biblia. Alikaa hadi nikamaliza, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Ninachomheshimia zaidi ni kwamba hakunisukuma niende kumwambia mama yangu. Alisema kujikubali ni kazi ya ndani, na kutangaza ni uamuzi mwingine, ambao kwa sheria zetu una hatari zake. Pia hakunitoa kanisani. Naye ni muumini, na mimi bado naimba besi kwaya. Ila jambo moja nilishindwa kuendelea nalo. Wajomba walikuwa tayari kupeleka barua ya posa kwa binti wa watu wa Rungwe. Niliwaambia waache. Walikasirika, mama akanuna wiki nzima, lakini yule binti hana kosa la kufungwa kwenye ndoa ya uongo ili mimi nisitiriwe. Miaka mitano nyuma ningemuoa.

Bei ni shilingi 30,000 kwa saa moja, na ukijumlisha nauli ya Mbeya kwenda na kurudi si jambo dogo kwa kijana wa kibarua. Kwa simu hutoza nusu, ila mtandao hukatika katikati ya sentensi ngumu, kisha unalazimika kuirudia, na kuna sentensi hazirudiki. Mara ya kwanza nendeni kwa miguu yenu.

Kasoro yenyewe hasa ni benchi la nje. Wanaosubiri wanaonana, na Iringa si mji mkubwa kiasi hicho. Nilipomwambia alisikiliza, sasa anaacha nusu saa kati ya mtu na mtu. Kilichobaki ni saa za kazi. Anafunga saa kumi, Jumatatu hadi Ijumaa, na vijana wa gereji na wa sokoni hawawezi kuomba ruhusa mchana bila kuulizwa wanakwenda wapi. Mama, ukisoma hapa, tunaomba utufungulie na Jumamosi.