Uzoefu wangu: fundi wa Ngamiani aliyetengeneza saa yetu ya Junghans na kasha lake

Sikutaka kuandika mapema. Saa ya kale ikitoka kwa fundi hutembea vizuri wiki za mwanzo, hata kama ilipulizwa vumbi na kutiwa mafuta tu. Kinachoipima kwa kweli hapa Tanga ni masika. Mbao zinavimba, gundi inalegea, chuma kinashika kutu. Masika yamepita, saa yetu inatembea na kasha halijaachia popote, kwa hiyo sasa naweza kusema waziwazi kwamba kazi ya mzee huyu nimeiridhia, ingawa yapo mambo mawili matatu nitakayoyalalamikia huko chini.

Saa yenyewe ni Junghans ya ukutani, ya kutiwa ufunguo mara moja kwa wiki, yenye kamani mbili, yaani springi zinazokazwa kwa ufunguo: moja ya kuendesha mishale, nyingine ya kengele. Kwetu wanasimulia kwamba baba wa babu aliinunua mnadani baada ya Vita vya Kwanza, Waingereza walipokuwa wakiuza mali za Wajerumani. Hadithi hiyo siwezi kuithibitisha, ila umri wa mashine umeandikwa mwilini mwake. Fundi alinionyesha nyota ya pembe nane yenye herufi J, alama ya kiwanda cha Schramberg, Ujerumani, kilichoanza mwaka 1861. Karibu na nyota hiyo kuna muhuri mdogo, B 10. Akanieleza kuwa kiwanda hicho kilitumia A kwa nusu ya kwanza ya mwaka na B kwa nusu ya pili, basi yetu ni ya kati ya Julai na Desemba 1910. Reli iliyoanzia hapa Tanga ilikuwa bado haijafika Moshi.

Kabla yake niliipeleka duka moja Dar es Salaam. Walitaka kung'oa mashine yote, waweke ya betri, kisha kasha lipigwe vanishi ling'ae. Bei yao ilikuwa nafuu na wangemaliza haraka, lakini ningerudi nyumbani na sanduku la kale lenye mashine ya plastiki tumboni. Nikaondoka nayo.

Mzee wa Ngamiani ana kibanda kidogo, meza moja karibu na mlango ili apate mwanga, na redio mbovu za watu zimepangwa nyuma yake. Hakuifungua saa siku ya kwanza. Aliitundika kwenye msumari, akaipima kwa timazi isiinamie upande, akaisukuma pendulamu na kukaa kimya kuisikiliza. Wakati huo ilikuwa ikitembea kama robo saa kisha inasimama, ila upande wa kengele ulikuwa mzima. Akauzungusha mshale mrefu hadi kumi na mbili, mfupi ukiwa kwenye saba, na kengele ikapiga mara moja. Akaniangalia.

“Mwanangu, mshale uko kwenye saba, kengele imepiga moja. Imeharibika, au kwenu ndivyo inavyohesabu?”

“Ndivyo, mzee. Bibi alitaka ipige kama tunavyosema wenyewe.”

“Basi hapo siharibu.”

Swali hilo ndilo lililonifanya nimwachie saa. Mashine ya aina yetu huhesabu kengele kwa gurudumu lenye mapengo pembezoni, na umbali kati ya pengo na pengo ndio unaoamua kinyundo kipige mara ngapi. Gurudumu hilo halina habari na mishale. Linafuata zamu yake tu: sita, kisha moja ya nusu saa, kisha saba, na kuendelea. Kwa hiyo mtu anaweza kulisogeza kwa makusudi likae nyuma ya mishale kwa saa sita, na hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyofanya zamani. Bibi alikuwa jikoni, hana haja ya kuja kuitazama. Kengele ikigonga sita anajua ni saa sita mchana, adhuhuri imekaribia. Fundi asiyeuliza angeiona hiyo kuwa kasoro, akaisahihisha, na desturi ya nyumba ingepotea bila mtu kujua ilipotelea wapi. Ilibidi mzee aifungue mashine yote, na alipoirudisha alilisogeza gurudumu lile pengo kwa pengo hadi likarudi kwenye hesabu yetu.

Ubovu ulikuwa kwenye matundu. Ncha za ekseli huzunguka ndani ya matundu yaliyotobolewa kwenye mabamba ya shaba ya manjano, na miaka yote hiyo vumbi likichanganyika na mafuta hula shaba kama msasa. Baadhi ya matundu yalikuwa yamerefuka upande mmoja, magurudumu yakasogea, meno yakawa hayakamatani sawasawa. Aliyachonga mapana, akapachika bushi mpya za shaba, yaani vipete vya kuzibana ncha, akazipanua kidogo kidogo hadi ncha zikazunguka bila kucheza. Ncha zenyewe alizing'arisha kwanza, maana bushi mpya ikikutana na ncha yenye mikwaruzo italiwa tena.

Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda, meusi. Huko nyuma kuna mtu alitia mafuta ya nazi, na kwa jinsi fundi alivyotikisa kichwa naona si saa yetu peke yake. Aliosha vipande kwa petroli, kisha akapitisha vijiti vilivyochongwa ncha katika kila tundu, akivichonga upya hadi kijiti kikatoka safi. Mafuta ya saa aliyaagiza Dar, na akatia tone dogo tu kwenye kila tundu. Meno ya magurudumu hakuyapaka kitu; yanatakiwa yawe makavu, kwani mafuta pale yanakusanya vumbi na vumbi linasaga meno.

Kamani ya kengele ilikuwa na ufa karibu na tundu la mwisho. Badala ya kutafuta nyingine, aliukata mwisho uliopasuka, akaulainisha kwa moto, akatoboa tundu jipya. Imepungua urefu kidogo na bado inamaliza wiki. Nawasihi wenzangu msiguse sehemu hii nyumbani. Kamani iliyojaa ikifyatuka inaumiza mikono vibaya, na inaweza kung'oa meno ya gurudumu zima.

Kasha alimpa seremala anayefanya naye kazi. Mwili wake ni msonobari uliofunikwa ganda jembamba la mbao za jozi, na ganda hilo lilikuwa limeinuka pembeni. Seremala alilirudisha kwa gundi ya ngozi, ile inayopashwa kwenye chungu kilichokaa ndani ya maji ya moto. Nilimuuliza kwa nini hatumii gundi nyeupe ya dukani. Akasema gundi ya ngozi hufunguka kwa joto na unyevu, hivyo atakayelitengeneza baada yake hatalazimika kuvunja mbao. Bao la nyuma lilikuwa limetobolewa na bungua; alidunga dawa tundu kwa tundu kwa bomba la sindano, kisha akaziba kwa nta. Kwenye rangi alipaka spiriti kidogo mahali pasipoonekana, pakanata, akajua ni shelaki ya asili, ile vanishi ya kale inayoyeyuka kwa spiriti. Basi hakupiga msasa hata kidogo. Alisafisha, akaongeza shelaki nyembamba kwa kitambaa, na mikwaruzo ya zamani bado inaonekana. Dada yangu angependa ling'ae zaidi. Mimi nalipenda hivi.

Malalamiko sasa. Walisema saa itakuwa tayari kabla ya Idi, Idi ikapita. Chanzo kilikuwa seremala, na hakuna aliyenipigia simu. Kila habari niliifuata mwenyewe. Kioo cha mlango kilichopasuka kimebadilishwa kwa kioo cha kawaida cha dirisha, kinene kuliko cha awali, na mlango sasa unafunga kwa kubana. Kile kirembo cha kukereza kilichokosekana juu ya kasha kimechongwa kwa mninga na kutiwa rangi, lakini ni kinene kidogo kuliko mwenzake. Risiti hakuna mpaka uombe. Nilipoomba aniandikie kilichobadilishwa, aliandika vizuri, na akanipa kibahasha chenye vipande vyote vilivyotolewa.

Nililipa shilingi 160,000 za mashine, 140,000 za kasha, na 15,000 za kioo. Si pesa ndogo. Ndani ya hiyo alikuja nyumbani Chumbageni kuitundika mwenyewe, akaisogeza kushoto na kulia hadi mlio wa kwenda na wa kurudi ukalingana, maana saa isiyolingana husimama hata kama mashine ni nzima. Akanionyesha pia nati iliyo chini ya pendulamu: ukiipandisha saa inaharakisha, ukiishusha inachelewa. Yetu inachelewa dakika kama mbili kwa wiki. Naisahihisha Ijumaa ninapoitia ufunguo.

Mwenye haraka, au anayetaka saa ionekane mpya, hapa hapamfai. Mwenye saa ya wazee anayetaka ibaki ileile, aende. Ila kabla ya kuibeba, fungua mlango wa kasha na uitoe pendulamu, uifunge kwenye kitambaa peke yake. Ikibebwa ikiwa inaning'inia, kile kibati chembamba kinachoishikilia kinakatika njiani, na hicho utalipia mbali.