Nimewakatia wafanyakazi wa bekari bima ya afya ya kikundi: kadi nzuri, hesabu inauma (nyota 3 kati ya 5)

Niseme mapema, kampuni siitaji na wakala simtaji, msinifuate inboksi kuuliza ni nani. Ninachokipima hapa ni hii bidhaa yenyewe, bima ya kikundi ambayo kampuni binafsi zinawauzia watu wa biashara ndogo, maana nimeongea na jamaa wa gereji na dada mmoja mwenye shule ya chekechea wamekatia kwingine kabisa na malalamiko yetu ni yale yale.

Nina bekari Morogoro, Kihonda. Mikate, skonzi, keki za oda. Kwenye daftari la mshahara wapo 11, wapishi, wa kaunta, wa usafi na dereva mmoja, halafu nje ya daftari wapo vijana wa boda na guta wanaosambaza, hao wanakula kamisheni kwa kila mkate, kwa hiyo kwa macho ya bima hawapo duniani. Nitarudi kwao.

Kabla ya bima, bima ilikuwa droo ya kaunta. Mtu anakuja saa kumi na moja alfajiri anakwambia bosi naomba advansi mtoto kashikwa na degedege usiku, utamwambia nini, unatoa. Mwisho wa mwezi ukimkata anabaki na hela ya nauli tu, usipomkata umeumia wewe. Ndo nikasema bora nilipe kitu kinachoeleweka mara moja kwa mwaka nijue moja.

Wakala alivyokuja alikuwa mzuri kweli wa maneno, kaleta kotesheni imepangwa vizuri kwenye eksel, bei kwa kila kichwa kulingana na umri, kulazwa limiti yake, OPD (matibabu ya kwenda na kurudi bila kulazwa) limiti yake, meno na macho vilimiti vidogo vidogo pembeni. Masharti yao kikundi kianzie watu 10, mi nina 11 nikapita kwa mlango mwembamba. Jamaa wa gereji ana mafundi sita, kaambiwa achukue bima ya mtu mmoja mmoja, na hapo wanaanza kuulizana mmoja mmoja nani ana presha nani ana sukari na bei inapanda. Kwa hiyo jueni hilo kwanza, neno "biashara ndogo" kwenye vipeperushi vyao halimaanishi ndogo ya kwetu, wao ndogo yao ina ofisi na kiyoyozi.

Bei ilitoka milioni sita na ushee kwa mwaka kwa watu 11. Wafanyakazi peke yao, bila mke, bila mume, bila mtoto. Ukiweka familia ilikuwa inazidi mara mbili na kitu, nikacheka tu. Na hela inatakiwa kabla bima haijaanza, nilibembeleza awamu nikapewa mbili. Milioni tatu kwa mpigo kwa bekari ni unga wa wiki kadhaa, na unga hauna huruma, ukikosa leo kesho mteja wako ananunua mkate wa mtu mwingine na harudi.

Sasa mazuri, maana yapo na sitaki kuonekana nalalamika tu. Kadi zilifika haraka. Mpishi wangu mmoja alishikwa na tumbo usiku, kumbe kidole tumbo, akapelekwa hospitali iliyopo kwenye orodha, kibali cha opareshen kikatoka siku hiyo hiyo na hakulipa hata mia. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa anapokea simu usiku kama mchana, nyota moja kati ya hizi tatu ni ya kwake binafsi. Yule mpishi bila ile kadi tungepitisha kapu la mchango na mi ningetoa nusu. Kwa hilo hela yangu niliiona.

Lakini ngoja.

Lengo langu lilikuwa kupunguza ile foleni ya advansi, na foleni haikupungua sana. Nikakaa na daftari la advansi nikaangalia sababu moja moja: mtoto, mtoto, mama mzazi, mke kujifungua, mtoto. Wafanyakazi wenyewe hawaumwi kihivyo, vijana wengi wako chini ya 35, wanaoumwa ni wa nyumbani kwao! Yani nimelipa milioni sita kumkinga mtu ambaye hana shida kubwa, shida iko kwa mtoto wa miaka mitatu ambaye hayupo kwenye kadi. Na kampuni inajua hilo vizuri, ndo maana kijana peke yake ni rahisi na familia ni ghali.

Dada wa kaunta ndo aliniuma zaidi. Tulivyoanza alikuwa na mimba changa, na uzazi una kipindi cha kusubiri, kwao ni miezi kumi tangu bima ianze. Hesabu wewe mwenyewe. Kajifungua kwa hela yake na yangu huku kadi iko kwenye pochi. Sharti lilikuwepo kwenye karatasi, siwezi kusema nimeibiwa, ila wakala kwenye kuuza alisema "uzazi upo" akanyamaza hapo hapo. Mzee wetu wa oveni ana sukari ya siku nyingi, naye ugonjwa aliokuja nao ukawekewa limiti yake ndogo, ikaisha kabla mwaka haujafika nusu, dawa akarudi kununua mwenyewe.

Orodha ya hospitali nayo. Kwa Dar wana vituo vingi mpaka unachagua, kwa Moro vichache, na vyote mjini. Nina mtu anaishi Mikese, akiumwa apande gari aje mjini aende kituo cha kadi wakati zahanati iko jirani na kwake. Anaenda zahanati, analipa, ananiletea risiti, risiti ya huko hairudishwi. Ukikata bima mkoani hilo ulizeni kabla ya bei, omba orodha ya vituo vya mkoa wako imeandikwa, sio "tuna vituo nchi nzima".

Afu kuna hili la watu kuingia na kutoka. Biashara kama yangu mtu anaweza kuondoka baada ya sikukuu, kapata kazi Dodoma, kaenda kwao kulima, hajaaga. Nikimtoa kwenye bima narudishiwa hela ya miezi iliyobaki endapo tu hajawahi kutumia kadi, akishatumia hata panadol basi, hela imeenda. Anayeingia badala yake namlipia upya kwa miezi iliyobaki. Kwa hiyo kiti kimoja nimekilipia mara mbili. Wenye kampuni za watu 200 hilo hawalisikii, sisi wa 11 tunalisikia mpaka kwenye mfupa. Na wale vijana wa kusambaza, ambao ndo wako barabarani na boda kila siku, hawakubaliki kabisa kwa sababu hawana mkataba wala mshahara. Nikisema niwape mkataba nawaingiza NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na mengine yote na kamisheni inabidi ishuke, wao wenyewe hawataki, nimewauliza.

Kidogo pembeni, maana kuna watu wanachanganya: mtu akiungua na oveni kazini hiyo sio kazi ya bima ya afya, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mwajiri wa sekta binafsi anachangia 0.5% ya mishahara na mfanyakazi hakatwi kitu. Wakala wangu alitaka kuniuzia na "nyongeza ya ajali kazini" juu yake. Nilimwambia hiyo ninayo tayari bwana.

Haya, kilichonifanya nishushe nyota mpaka tatu ni bei ya mwaka wa pili. Imeletwa imepanda karibu theluthi. Nikauliza kwanini, nikajibiwa kwamba kikundi chenu kimetumia sana. Kikundi kipi? Ni ile opareshen moja na dawa za mzee! Wanachofanya wanachukua mliyotibiwa wanalinganisha na mliyolipa, na kwenye watu 11 akilazwa mmoja tu mwaka wenu wote umeharibika kwenye vitabu vyao. Bima maana yake wengi wambebe mmoja, sasa 11 wakimbeba mmoja wanachuchumaa. Kampuni ingeweza kutuchanganya biashara ndogo nyingi tukawa chungu kimoja tukapandishiwa wote kidogo kidogo, ila wao kila bekari na chungu chake. Kibaya zaidi unaanza kuwaza vitu vibaya, unamwangalia mzee wa oveni unamuona kama gharama, na ni yeye aliyenifundisha kuchoma mkate. Hiyo bidhaa inayonifanya niwaze hivyo siwezi kuipa nyota nne.

Mtaniuliza NHIF je, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya. Nilikuwa nawaza hilo tangu mwanzo. Mchango wa mwajiriwa ni 6% ya mshahara wa msingi, mwajiri anatoa nusu na mfanyakazi nusu, na anaingia mwanachama, mwenza wake na wategemezi mpaka wanne. Chukua mtu wa laki tatu, ni 18,000 kwa mwezi, yeye 9,000 mi 9,000. Wakiwa 11 wa mshahara huo, upande wangu ni 99,000 kwa mwezi, milioni moja laki moja na themanini na nane elfu kwa mwaka, na watoto wamo. Ukiweka pembeni ya milioni sita ya kadi zisizo na watoto unaona aibu mwenyewe.

Kilichonirudisha nyuma wakati ule ni mambo mawili. Moja, mnakumbuka Machi 2024, kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko unalipa, kilivyoanza hospitali binafsi kubwa zikasitisha kupokea wenye kadi za NHIF kwa ugomvi wa bei, ukaisha baada ya siku chache lakini ulituacha na woga. Pili, makato. Nilivyowaitisha kikao wakasema bosi tunakatwa NSSF 10%, leo tena hii, na mi siumwi. Kwa bima binafsi nilikuwa nalipa yote mwenyewe kwa hiyo hakuna aliyelalamika, cha bure hakina kelele.

Safari hii nimewaitisha tena nikiwa na daftari la advansi mkononi, nikasoma sababu kwa sauti bila kutaja majina, wakajitambua wenyewe. Karibu wote wamesema bora wakatwe hiyo elfu tisa watoto waingie. Wawili hawajaoa wanataka ile kadi ya binafsi ibaki, nimewaambia wakajitafutie wenzao nane. Na hata hivyo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka mwajiri wa sekta binafsi awasajili watu wake, kwa hiyo hili sio la hiari ya roho nzuri tena.

Kwa hiyo nani anunue hii ya kikundi? Ukiwa na ofisi ya vijana Dar, mishahara ya milioni na kuendelea, watu hawahami hami, na unaweza kulipia na familia zao, chukua, utaifurahia, kwenu inaweza kuwa nyota nne. Ukiwa na karakana, saluni, bekari, mgahawa, piga kwanza hesabu ya 6%, na kama bado unaitaka mwambie wakala akuandikie kwenye karatasi mambo haya: uzazi unasubiri miezi mingapi, magonjwa ya zamani limiti yake shilingi ngapi, mtu akiacha kazi inakuwaje, na mwaka wa pili bei inapangwaje mkishatumia. Hilo la mwisho wangu alilijibu kwa kicheko. Na muombe leseni yake ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, asikwambie ameisahau kwenye gari.

Mimi sirinyuu. Fomu za NHIF zipo mezani, kila mtu alete cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto na cheti cha ndoa. Vya watoto vinakuja kimoja kimoja. Cheti cha ndoa mpaka sasa kimefika kimoja, cha dereva, wengine wanasema wanatafuta, na mpishi wangu mmoja kaomba ruhusa ya Ijumaa aende kufunga ndoa.